Naomba ushauri: kurudi kutoka kisiwa cha Mbudya kwa tanga, upepo wa kusi ukiwa mkali

Habari zenu wanachama. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoijua bahari ya Msasani hadi Kunduchi, Dar es Salaam.

Klabu yetu imepanga kulala Mbudya Jumamosi na kurudi Msasani Jumapili. Mashua ni mbili za tanga. Moja haina mashine, na ndiyo itakayobeba vijana wanaojifunza. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2. Jana jioni povu lilikuwa linarukia ndani ya mashua zilizotia nanga.

Kwenda, upepo wa kusi utatusukuma, maana unatoka kusini na Mbudya iko kaskazini ya Msasani. Hofu yangu ni kurudi, maana tutaubisha upepo njia nzima, yaani kwenda kinyume chake kwa kukata huku na huku. Jaketi okozi zinatosha watu wote. Nimewauliza wavuvi wa Kunduchi: mmoja anasema tung'oe nanga alfajiri kabla upepo haujachangamka, mwingine anasema tuahirishe. Mimi naegemea kuahirisha, lakini wenzangu wameshalipa.

Je, mashua isiyo na mashine inaweza kuvutwa kwa kamba salama katika mawimbi hayo? Na nyinyi upepo ukifika kiasi gani hamtoki kabisa?