Michungwa na milimao iliyotelekezwa Muheza: nivune vipi, na malimao nifanyie nini?

Mdau_wa_Tanga
Wakuu habari. Kuna shamba Muheza halijaguswa miaka sita: michungwa 14, milimao 3. Machungwa bado kijani, mengine yana masizi meusi ganda zima, na yaliyooza yamejaa chini. Mchungwa mmoja umeota miiba mirefu na matunda yake ni machachu, ganda lina vinundu. Nianzie wapi?

Kisu_na_Kikapu
Rangi isikudanganye mkuu. Huko usiku hakuna baridi, kwa hiyo chungwa huiva likiwa kijani. Na si kama embe: likishachumwa haliivi zaidi. Chuma manne pande tofauti za mti, kata, onja. Kama bado ni kali, yaache mtini.

Vuna kwa mkasi wa kupogolea, ukate kikonyo sawasawa na ganda. Ukivuta kwa mkono ganda huchanika pale juu, ukungu wa kijani unapata mlango, na tunda moja linaambukiza tenga zima. Usivune penye umande wala mara baada ya mvua: ganda lililojaa maji likibanwa, vifuko vyake vya mafuta hupasuka na kuacha mabaka ya kahawia. Masizi ni ya juu tu, huota kwenye utomvu mtamu wa vidukari na wadudu gamba. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, suuza. Vaa mikono mirefu, majimoto, wale sisimizi wekundu wa mtini, hawana simile.

Mbebeshaji
Huo wenye miiba umemezwa na shina lake la chini. Miche mingi ya machungwa hubebeshwa, yaani huungwa, juu ya shina la mlimao wa ganda lenye vinundu, na mti ukiachwa, machipukizi ya chini hupita ya juu. Tafuta kovu la kubebeshea, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Kama juu yake bado kuna tawi hai la chungwa, kata yote yaliyotoka chini ya kovu, usiache kisiki. Kama juu pamekufa, huo sasa ni mlimao, ubebeshe upya.

Yaliyoanguka yaokote mara mbili kwa wiki, uyafukie sentimita 60. Funza wa nzi wa matunda hutoka humo na kugeuka pupa kwenye udongo kabla ya kuwa nzi, hivyo kuyatupa kwenye mboji ni kuwafuga.

Bi_Achari
Malimao fanya achari. Kilo 1 osha, kausha kabisa, kata vipande vinne, toa mbegu. Changanya na chumvi gramu 120, jaza chupa ya kioo na ushindilie mpaka maji yafunike vipande. Anika juani siku 7 hadi 10, ukitikisa kila siku, hadi ganda lilainike. Ndipo utie pilipili ya kusaga na manjano. Sufuria ya alumini na kifuniko cha bati vitaliwa na asidi.

Machungwa ya juisi yakamue. Ukiyasaga na mbegu kwenye blenda, yatakuwa machungu.

Mdau_wa_Tanga
Asante bibi. Chumvi nikipunguza nusu?

Bi_Achari
Usithubutu, achari itaota ukungu. Chumvi ikikuzidi, suuza kipande unapokula.