Gemu likitoka bovu: nyota moja ni haki yetu au ni kumzika mtengenezaji mdogo?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo nataka tulijadili bila matusi, maana wiki hii nzima nimeona linavyogawa watu.

Wiki tatu zilizopita limetoka gemu la simu, kazi ya vijana wawili wa hapa hapa nyumbani. Jina silitaji, na naomba nanyi msilitaje. Ni gemu la daladala. Unatoka Rangi Tatu, Mbagala, kwenda Kariakoo, hapa Dar, unapakia, unashusha, konda anadai nauli, trafiki akikukuta umejaza hadi mlangoni unatoa faini. Mtu aliyekulia Mbagala akimsikia yule konda wa humo ndani, "Zakhem wapo? Hakuna, twende!", lazima acheke peke yake. Sijawahi kucheza gemu linalonijua namna ile.

Nikalinunua. Shilingi elfu tano, na MB 640 za kulishusha, bando langu mwenyewe. Safari ya kwanza nikafika Mtongani. Abiria wa kwanza kushuka alikuwa mama mwenye ndoo. Akakanyaga ngazi, mguu mmoja nje, picha ikaganda hapo hapo, sauti ya konda ikabaki "shu-shu-shu-shu", kioo kikawa cheusi, mara nikajikuta nimetupwa nje ya gemu. Kufungua tena, pesa zote nilizokusanya ni sifuri. Nikarudia. Mtongani, mama, ndoo, mguu nje, giza. Mara nne. Ya tano simu ilikuwa ya moto mpaka nikaiweka chini.

Nikaenda kwenye ukurasa wake Google Play, lile duka la programu za simu, nikatoa nyota moja kati ya tano, nikaandika mistari miwili, kisha nikaweka picha ya kioo kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda magemu. Likawaka. Wengine wakaniita adui wa vijana wenzangu: magemu ya nje yanatupiga matangazo kila baada ya dakika mbili tunanyamaza, mtoto wa nyumbani akiteleza mara moja tunamchimbia kaburi. Upande wa pili ukaenda kuwatukana wale vijana mpaka mama zao, na mmoja akatafuta namba ya simu ya mmojawapo akaisambaza. Hao wa pili sina la kujadili nao. Gemu kukata Mtongani hakumpi mtu ruhusa ya kumtisha binadamu.

Ila hao wa kwanza nawajibu. Nyota moja niliyotoa ilikuwa haki, na ningeitoa hata kama mtengenezaji angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Sababu yangu ni kwamba pesa ilishapokelewa. Fundi cherehani akiwa peke yake kwenye kibanda chake, ukampa kitambaa na pesa, akakurudishia shati lenye mkono mmoja, humwambii "pole, uko peke yako." Unamwambia mkono mwingine uko wapi. Udogo wa mtengenezaji unaweza kumpa muda zaidi kwangu, hata wiki mbili, hata mwezi. Hauwezi kunifanya niseme gemu zuri wakati halifiki Kariakoo. Na tukumbuke anayeumia zaidi kwa gemu bovu ni mwenye simu ya bei ndogo na bando la kuhesabu. Mwenye Wi-Fi ofisini analishusha mara tatu bila kujali.

Mfano wa nje upo. Agosti 2016 studio ndogo ya Hello Games, ya Guildford kule Uingereza, ilitoa No Man's Sky. Hilo halikuwa gemu la simu, lilikuwa la PlayStation 4 na kompyuta, na liliuzwa bei kamili kama ya makampuni makubwa. Wachezaji wakakuta mambo mengi waliyoahidiwa hayamo, na kwenye kompyuta za wengi likawa linakwama. Maoni yakawa mabaya kupindukia. Kilichoniuma mimi zaidi ya kasoro ni ukimya: miezi karibu mitatu hakuna maelezo ya maana. Novemba mwaka ule ule wakatoa apdeti kubwa ya kwanza, bure, na tangu hapo hawajaacha, mwaka hadi mwaka, bila kutoza shilingi. Leo watu wanalisifu. Sasa mnaosema nyota moja inaua, zile nyota moja zote za 2016 mbona hazikuwaua?

Na kuna kipande cha kisa hicho kinachotuhusu sisi wachezaji. Mwezi Mei 2016, miezi mitatu kabla gemu halijatoka, studio ilitangaza kulisogeza mbele kidogo. Mkuu wao, Sean Murray, akaanza kupokea vitisho vya kuuawa. Kwa kuchelewesha tu! Hapo nawageukia wale wa matusi: anayechelewesha ili apike vizuri mnamtukana, anayepakua chungu kikiwa kibichi mnamtukana. Mnamwachia njia gani?

Kwa hiyo swali langu: mtengenezaji mdogo akitoa gemu lenye kasoro kubwa, tumpe nyota inayolistahili gemu, au tumvumilie kwanza? Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa elfu tano unaandika insha? Google Play wanakupa saa 48 za kuomba pesa yako. Omba, wakirudisha, yaishe. Nyota iachie wale waliobaki na gemu.

Mchangiaji wa pili

Mimi nipo upande wa kuvumilia, na sioni aibu kusema hivyo. Kampuni kubwa ikipigwa nyota moja mia tatu, ina bajeti ya matangazo, itazifunika ndani ya wiki. Vijana wawili wakipigwa nyota moja thelathini siku ya kwanza, hakuna atakayewaona tena. Mfano wa shati nimeuelewa, lakini fundi wa shati unamrudia mkononi. Hukai mlangoni kwake unawaambia wapita njia wasiingie. Ungewaandikia barua pepe kwanza, anwani ipo pale pale kwenye ukurasa wa gemu. Ukisubiri siku kumi kimya, hapo toa nyota yako kwa roho safi.

Na huo mfano wa No Man's Sky haufanani na wetu. Wale walikuwa na jina la Sony, wenye PlayStation, nyuma yao na mauzo makubwa yaliyowalisha mpaka wakatengeneza. Kijana wa Mbagala mauzo ya kumlisha miaka mingi ya apdeti za bure atayatoa wapi?

Mchangiaji wa tatu

Naomba niseme kama mtengenezaji. Natengeneza magemu ya simu mwaka wa sita sasa, tupo watatu. Hilo la daladala si letu.

Kwanza wengi hawajui gemu la kwanza linatokaje. Ukifungua akaunti mpya ya binafsi Google Play siku hizi, hawakuruhusu kutoa mpaka ulijaribishe kwa watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Zamani kidogo walikuwa 20, wakapunguza Desemba 2024. Inasikika vizuri. Lakini hao 12 ni nani? Binamu, mwanafunzi mwenzako, shemeji. Wanafungua siku ya kwanza, wanakuandikia "safi sana kaka", basi. Hakuna hata mmoja aliyefika Mtongani.

Pili, apdeti unaweza kuitoa kidogo kidogo, kwa asilimia tano ya watumiaji, ukiona inaleta shida unaisimamisha. Toleo la kwanza kabisa huwezi. Linakwenda kwa wote siku hiyo hiyo. Kwa hiyo siku ambayo hujui chochote ndiyo siku unayojianika kwa kila aina ya simu.

Tatu, adhabu ipo hata bila nyota zenu. Google wana kiwango chao: watumiaji waliokatiwa gemu mbele ya macho yao wakizidi asilimia 1.09 kwa siku, wanaanza kukupunguza kwenye utafutaji na mapendekezo. Na tangu Novemba 2021 nyota wanazionyesha kwa kufuata nchi. Nyota moja za Watanzania anaziona Mtanzania. Kijana aliyetengeneza gemu la Mbagala kwa ajili ya watu wa Mbagala akichafuka hapa, hana pengine pa kujificha, maana Mjerumani hatalinunua gemu la konda wa Zakhem.

Sisemi msitoe nyota moja. Mleta mada ana haki yake, alilipa. Ila mjue mnachokishika mkononi. Novemba 2014 watengenezaji wa gemu la simu la Monument Valley, ustwo wa London, walitoa sehemu ya nyongeza kwa dola 1.99, ikiwa imetengenezwa vizuri, na watu wakawapiga nyota moja kwa sababu tu haikuwa bure. Nyota ya namna hiyo mtengenezaji anajifunza nini kwayo?

Naona mleta mada kaandika mistari miwili. Nauliza kwa nia njema: aina ya simu uliitaja? Sisi mwaka juzi tulikuwa na kasoro tuliyoitafuta siku tisa bila kulala vizuri. Mchezaji mmoja, nyota moja, akaandika maneno matatu: "Linakata nikipigiwa simu." Ndani ya saa moja tukaipata. Ile nyota moja mpaka leo naikumbuka kwa shukrani. Zile za "takataka" zilizokuwa juu yake na chini yake nazikumbuka pia, kwa sababu nyingine.

Mchangiaji wa nne

Fundi simu hapa. Hilo la mama na ndoo naweza kukisia bila kuliona gemu. Simu yako RAM ngapi, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 2? Abiria anaposhuka gemu linaleta vitu vipya kwa mpigo, mtu, ndoo, kituo, sauti, RAM inajaa, na Android ikizidiwa inaiua programu. Ndiyo ile unajikuta nje ghafla. Kijana aliyelitengeneza ana simu ya GB 8, kwake mama anashuka vizuri kabisa na anaendelea na safari zake.

Ushauri wangu kwa watengenezaji wote: kabla hamjatoa, njooni kwa mafundi. Mezani kwangu sasa hivi zipo simu kumi na moja, na saba kati yake ni GB 2 au 3. Nitawafungulieni bure mjaribu. Hizo ndizo simu za wateja wenu.

Mchangiaji wa pili

Fundi umeongea jambo. Na nimkumbushe mleta mada mfano mwingine kuliko ule wa Waingereza. Among Us la Innersloth, Wamarekani, lilitoka kwenye simu Juni 2018, wenyewe ni watu watatu tu. Halikuwa na watu. 2020 dunia nzima ikaliingia kwa mpigo, seva zikazidiwa, wadukuzi wakaingia, Oktoba mwaka huo wakajaza ujumbe wao katikati ya michezo ya watu. Wale watu watatu walikuwa wameshatangaza Agosti kwamba wanatengeneza toleo la pili. Septemba wakaliacha kabisa ili warudi kulitengeneza lile la kwanza. Walikaa na gemu lao kwa sababu kulikuwa na watu waliobaki nalo likiwa bado bovu. Hicho ndicho ninachokiita kuvumilia.

Mleta mada

Nimesoma yote. Nilichelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu.

Ndugu mtengenezaji, hapana, simu sikuitaja. Niliandika "gemu linakata, mmekula hela zetu." Nimerudi kuisoma leo nikaona hakuna kitu mtu angekifanyia kazi humo ndani. Nyota naitetea mpaka sasa. Yale maneno siyatetei.

Dada wa kuvumilia, hapo kwenye barua pepe bado sikubaliani nawe. Barua pepe anaisoma mtengenezaji peke yake, na wakati anaisoma kuna mtu wa tatu anatoa elfu tano yake. Huyo naye ana haki ya kujua kabla. Wale vijana wangeweza kulitoa kwanza kama toleo la majaribio. Kule Google Play maoni ya wanaojaribu yanamfikia mtengenezaji tu, hayachafui ukurasa wa gemu. Au wangeliacha bure mwezi mmoja huku wakilirekebisha. Waliamua kuuza siku ya kwanza. Lakini hilo la Among Us umenishinda, nimelifikiria jana usiku kucha.

Alhamisi wametoa apdeti. MB 210. Kwenye maelezo wameandika wenyewe, kwa Kiswahili, kwamba gemu lilikuwa linakata kwenye simu za GB 2, wanaomba radhi, na pesa za mchezaji sasa zinahifadhiwa kila kituo. Nikalishusha usiku baada ya saa sita, bando likiwa nafuu. Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani. Mama akasimama na ndoo yake. Nikaacha kupumua kidogo. Akakanyaga ngazi, akashuka, akageuka kumdai konda chenji. Nilikuwa sijui kama yule mama ana sauti.

Likakata Uhasibu, abiria wa shule walipopanda wengi kwa pamoja. Nikafungua: pesa zangu zipo zote, nikaanzia pale pale.

Nimebadilisha nyota kuwa tatu. Nimeandika aina ya simu, GB 2, kituo cha Uhasibu, wanafunzi zaidi ya sita kwa wakati mmoja, sauti inatangulia kuganda kabla ya picha. Fundi, nitumie ujumbe unielekeze ulipo, nina mtu wa kumleta mezani kwako.