Michigan 1901: kweli hawakufungwa hata pointi moja?

Wakuu, nasikia Chuo Kikuu cha Michigan kilimaliza msimu wa futiboli ya Kimarekani wa 1901 kwa pointi 550 kwa 0. Inawezekanaje?

— Kweli kabisa, mkuu. Mechi 11, zote ushindi. Kocha Fielding Yost ndio kwanza alikuwa amefika, akataka kasi tu: wapinzani hawajainuka vizuri, mpira umeshaanza tena. Timu ya Buffalo walikula 128, na enzi hizo tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ilikuwa pointi 5, si 6 kama sasa!

— Na mechi ya mwisho kule Pasadena, California, je? Januari 1, 1902, Chuo Kikuu cha Stanford walichapwa 49-0, wakaomba mechi ikatishwe zikiwa zimebaki dakika 8. Neil Snow wa Michigan peke yake tachidauni 5. Michigan walicheza na watu walewale 11 mwanzo mwisho.

— Bila kubadilisha hata mmoja? Nawavulia kofia.