Mrejesho: Land Rover ya marehemu baba na yale mashimo ya kutu

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama mashimo ya kutu kwenye Land Rover Series III ya marehemu baba, iliyokaa uani miaka mingi hapa Tanga, yanaweza kuzibwa kwa puti, ule uji mzito wa kujazia bodi unaokauka na kuwa mgumu. Mlinikatalia, na mlikuwa sahihi.

Nilipokwangua kwa brashi ya waya, shimo la ukubwa wa sarafu likawa la kiganja. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini. Ugonjwa ulikuwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa pale miguu inapokaa. Nikachomoa betri, nikatoa tangi la petroli lililo chini ya kiti, ndipo fundi akakata hadi kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya. Alichomelea nukta nukta, akiruka huku na kule, maana ukivuta mstari mmoja bati linapinda kwa joto.

Nililojifunza zaidi: alumini ikigusana na chuma, chumvi ya bahari ikaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa, inabaki unga mweupe. Sasa kila kiungo nimekipaka praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na kukiwekea mpira katikati ili metali hizo mbili zisigusane.

Puti nimetumia kidogo tu kwenye mabonde ya mlango. Jana mama alikuja, akaupapasa mlango huo, akanyamaza muda mrefu.

Imebaki rangi. Kijani kile kile cha baba. Kompresa ndogo ya nyumbani itatosha kuipulizia?