Mrejesho: Kuchakuro wanaofukua mbegu za mahindi na karanga

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kunasa kuchakuro (kindi wa ardhini) wanaofukua mbegu mara tu baada ya kupanda.

Kilichofanya kazi zaidi ni ushauri wa kuwazoesha kwanza. Mtego wa kizimba wa sentimita 60, mlango umeshikiliwa wazi kwa waya usishuke, chambo ndani, uachwe hivyo siku tatu au nne. Wakishaingia na kutoka bila woga, ndipo utege. Mtego ukae kwenye njia yao kati ya shimo na shamba, sakafu imefunikwa udongo kidogo, na usicheze hata kidogo, ukitikisika wanageuka. Chambo kiwe nyuma ya kibao cha kukanyaga kinachoshusha mlango, la sivyo wanakula na kuondoka.

Siagi ya karanga ilishindwa, sisimizi waliimaliza mapema. Karanga zilizokaangwa, zikafungwa kwenye kitambaa na kubanwa kwa waya, zilidumu.

Hawa hutembea mchana: tega asubuhi, funga jioni, usije ukanasa paka. Kagua mara kwa mara na uweke kivuli, jua huwaua haraka ndani ya kizimba. Vaa glavu nene za ngozi.

Upande unaopakana na kichaka bado ni tatizo. Ukiwaondoa, wengine wanahamia mashimo yaleyale. Huko kimesaidia kulinda tu, tangu kupanda hadi miche ishike mizizi.

Sumu sikutumia kabisa, kwa kuwa mbwa na mwewe hula mizoga. Na aliyesema nimwone kwanza afisa wanyamapori, ubarikiwe.