Seli za ubongo zilizokufa hazirudi, mbona mgonjwa anapata nafuu?

Mkulima wa Zabibu, Hombolo:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Mdogo wangu alianguka na bodaboda katika barabara ya Kongwa akiwa hana kofia ngumu. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalikuwa hayamtoki. Daktari alitueleza kwamba seli za ubongo zikifa hazioti tena, lakini sasa, baada ya miezi kadhaa, anawaita watoto wake kwa majina na anashika kikombe. Kama seli hazirudi, kinachorudi ni nini? Aidha, jirani ametuletea vidonge anavyodai vinaotesha ubongo. Je, dawa hiyo ipo?

Mwalimu wa Baiolojia:
Poleni sana. Daktari yuko sahihi, na mnachokiona nanyi ni cha kweli, kwa sababu si kila seli iliyonyamaza imekufa. Pigo lenyewe huua baadhi ya seli papo hapo, lakini madhara mengi hutokea katika saa na siku zinazofuata: seli zilizojeruhiwa humwaga glutamati, ambayo kwa kiasi cha kawaida hupeleka ujumbe, ila ikizidi husababisha kalsiamu kufurika ndani ya seli jirani hadi mitambo yao ya kuzalisha nishati inashindwa kazi. Wakati huohuo ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na damu inayoufikia hupungua. Uvimbe ukishuka, seli zilizonusurika huamka. Hiyo ndiyo nafuu ya mwanzo. Nafuu ya baadaye hutokana na seli hizo kuchipua matawi mafupi na kuunda miunganisho mipya, zikichukua sehemu ya kazi ya zilizokufa.

Tabibu wa Makulu:
Naongezea kuhusu kovu linalobaki ubongoni baada ya jeraha, kwa kuwa watu hulilaumu kupita kiasi. Maikroglia, yaani seli za ulinzi za ubongo, husafisha mabaki, kisha astrosaiti, seli zinazosaidia zile za neva, huzingira jeraha. Kovu hilo ni miongoni mwa mambo yanayozuia nyuzi ndefu za seli za neva kuota upya, lakini panya walioondolewa astrosaiti hizo waliumia zaidi, kwa sababu uvimbe ulisambaa. Neva ya mkono ikikatika inaweza kuota takriban milimita 1 kwa siku. Ndani ya ubongo, mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, ina protini, mojawapo ikiitwa Nogo, zinazozuia uotaji huo.

Mwaka 1998 watafiti walionyesha seli mpya za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya watu wazima, na mwaka 2018 wengine wakazitafuta wasizione. Hata wa kwanza wakiwa sahihi, seli hizo hazitoshi kujaza pengo.

Kuhusu vidonge: hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha ubongo, na msimpe. Hata dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya kotikosteroidi, zilizoaminiwa kwa miaka mingi, zilipopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba ziliongeza vifo.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo:
Nashukuru sana. Je, tumwache atumie mkono wa kushoto, ambao ni mzima?

Tabibu wa Makulu:
Hapana, kaka. Miunganisho mipya huimarishwa na matumizi, hivyo mkono wa kulia upewe kazi halisi mara nyingi kila siku, kama kuchambua kunde au kufunga vifungo, kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Asinywe pombe. Akipata degedege, hata baada ya miezi mingi, apelekwe hospitali mara moja.