RS-485: RTS inashuka kabla baiti ya mwisho haijatoka, naomba ushauri

Wakuu, naomba msaada kwenye draiva ya Linux ya UART (chipu inayotuma na kupokea data biti moja moja) aina ya 16550, laini ya RS-485 ya waya mbili, yaani kutuma na kupokea kunapokezana. RTS (pini ya UART) inaendesha DE na RE (pini za kuruhusu kutuma na kupokea kwenye chipu ya RS-485) kwa pamoja: DE ikiwa juu tunatuma, ikiwa chini tunasikiliza. Spidi ni biti 9600 kwa sekunde, 8N1 (biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kumalizia; pamoja na ya kuanzia ni biti 10), yaani kila baiti inachukua takriban ms 1.04.

Baiti ya mwisho ya kila ujumbe inafika imekatwa. Kwenye osiloskopu DE inashuka biti mbili tatu baada ya biti ya kuanzia, ilhali TX bado inatoa. Sababu inaeleweka: intarapti inakuja biti ya THRE (0x20 kwenye LSR, rejista ya hali ya laini) inapowaka, na hiyo inasema FIFO (foleni ya baiti zinazosubiri kutumwa) ndiyo tupu, wakati baiti ya mwisho bado imo kwenye rejista inayosukuma biti. Cha kusubiri ni TEMT (0x40, inayowaka rejista hiyo nayo ikiwa tupu), ambayo haina intarapti yake.

Kuzunguka ndani ya intarapti mpaka TEMT iwake ni kuifunga CPU milisekunde nzima, sikubaliani nako. Taima ya jiffies (mapigo ya saa ya kernel) kwa HZ=100 (mapigo 100 kwa sekunde) ni ms 10; kifaa cha upande wa pili kinajibu ndani ya ms 4, mwanzo wa jibu unapotea.

Nimebaki na hrtimer (taima ya kernel yenye usahihi mkubwa) ya muda wa baiti moja, kisha kusoma TEMT. Je, data mpya ikiingia kabla taima haijalia, niifute taima nikiwa nimeshika kufuli ya poti, au niiache ilie ikague bafa yenyewe?